Pande za pembetatu: urefu upi unawezekana na upi hauwezekani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mwanafunzi amepewa pande mbili na anatakiwa kutaja wa tatu; fundi ana mbao tatu na anataka kujua kama zitakutana; mwenye kiwanja ana vipimo vitatu kwenye karatasi na eneo linagoma kukokotoleka. Kanuni ni moja kwa wote. Tumeanza nayo, kisha tumekaa zaidi kwenye yale yanayokosesha watu alama, mbao na muda.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Kila upande wa pembetatu ni mfupi kuliko jumla ya pande mbili zilizobaki. Kwa pande a, b na c, mambo haya matatu lazima yawe kweli kwa pamoja: a + b > c, a + c > b, b + c > a. Likivunjika hata moja, hakuna pembetatu yenye vipimo hivyo, uwe na kalamu nzuri kiasi gani.

Ni lazima nijaribu yote matatu?

Hapana. Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, jumlisha mbili ndogo, kisha linganisha na kubwa. Hilo moja linatosha, kwa sababu upande mrefu kuliko zote ukiwa ndani ya jumla, jumla hiyo haiwezi kushindwa na upande mfupi ulioachwa nje.

Chukua 6, 11 na 4. Mbili ndogo ni 4 na 6, jumla 10, na 10 haifiki 11. Hakuna pembetatu. Chukua 9, 5 na 12: 5 + 9 = 14, inazidi 12, pembetatu ipo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kujumlisha namba mbili za mwanzo jinsi zilivyoandikwa. Mtu anaona 4, 11, 6, anapiga 4 + 11 = 15, anasema 15 inazidi 6, anaandika "inawezekana". Kupanga kwanza kunachukua sekunde tatu na kunaliondoa kosa hilo kabisa.

Nimepewa pande mbili. Nitaupataje wa tatu?

Ukiwa na pande mbili tu, bila pembe wala mzingo, hupati namba moja. Unapata mpaka wa chini na mpaka wa juu, na chochote kilicho katikati kinafaa.

Mpaka wa chini ni tofauti ya pande mbili ulizopewa. Mpaka wa juu ni jumla yake. Kwa pande 7 na 10, tofauti ni 3 na jumla ni 17, hivyo upande wa tatu, tuuite x, uko hivi: 3 < x < 17.

Mipaka hiyo inatoka kwenye kanuni ile ile. Jumla: 7 + 10 > x, basi x iko chini ya 17. Tofauti: x + 7 > 10, basi x iko juu ya 3. Sharti la tatu, x + 10 > 7, halisemi kitu kipya, maana urefu wowote unalitimiza.

Wanafunzi wengi huandika x < 17 na kuishia hapo. Hilo ni nusu ya jibu. Mbao ya urefu wa 2 nayo iko chini ya 17, lakini ukiishika na ya 7 utafika 9 tu, na ya 10 itabaki imezidi.

Swali linataka namba nzima tu. Nihesabuje?

Kwa 7 na 10, namba nzima zilizo kati ya 3 na 17 ni kuanzia 4 hadi 16. Idadi yake ni 16 − 4 + 1 = 13. Watu husahau ile "+ 1" na kuandika 12.

Kuna njia ya mkato: kama pande zote mbili ulizopewa ni namba nzima, zidisha ile ndogo kwa 2, toa 1. Hapa ndogo ni 7, basi 14 − 1 = 13. Haijalishi kubwa ni ngapi: 7 na 10 zina majibu 13, 7 na 500 pia zina majibu 13. Lakini usiitumie kwenye desimali. Kwa 4.5 na 7.2, mipaka ni 2.7 na 11.7, na namba nzima ni 3 hadi 11, yaani tisa. Njia ya mkato ingekupa nane.

Kwa nini 3 na 17 zenyewe hazikubaliki?

Fikiria mbao mbili, ya 7 na ya 10, zimeunganishwa kwa bawaba mwishoni. Zifungue mpaka zinyooke: ncha zake mbili sasa ziko umbali wa 17. Zifunge mpaka zilaliane: umbali kati ya ncha ni 3. Katika hali zote mbili kilichopo mbele yako ni mstari, na mstari hauna eneo wala pembe za ndani za kuzungumzia. Ukifungua bawaba kiasi chochote kati ya hali hizo mbili, umbali wa ncha unapita kila urefu kati ya 3 na 17 bila kuruka hata mmoja. Ndiyo maana alama sahihi ni "<" na wala siyo "≤", na kwenye mtihani tofauti hiyo hugharimu alama.

Kanuni hii inatoka wapi? Inathibitishwaje?

Kwa lugha ya kawaida: njia fupi kati ya sehemu mbili ni mstari ulionyooka, na kupitia sehemu ya tatu iliyo nje ya mstari huo ni kuzunguka. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, hakutaka kuichukulia hivi hivi. Katika kitabu cha kwanza cha kazi yake ya jiometri aliithibitisha kama pendekezo la 20, na katika pendekezo la 22 akaonyesha jinsi ya kuijenga pembetatu kutoka kwa mistari mitatu. Proclus, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho katika karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa wa Kigiriki Epicurus walilicheka pendekezo hilo: hata punda, walisema, analijua, maana akiwekewa majani upande wa pili huenda moja kwa moja. Jibu la Proclus lilikuwa kwamba kuona jambo ni kweli ni kitu kimoja, na kujua sababu ya ukweli wake ni kingine.

Uthibitisho ni mfupi. Chora pembetatu ABC. Urefushe mstari BA kupita A mpaka D, ili AD ilingane na AC. Unganisha D na C. Pembetatu ACD ni pacha, yaani pande zake mbili, AD na AC, zinalingana, hivyo pembe zake za C na D zinalingana. Lakini pembe BCD ni kubwa kuliko pembe ACD, kwa sababu imeimeza pamoja na kipande kingine. Basi katika pembetatu BCD, pembe ya C inazidi pembe ya D, na upande ulio mkabala na pembe kubwa ndio mrefu: BD inazidi BC. Na BD ni nini? Ni BA + AC. Imekwisha.

Swali linasema upande usiojulikana ni "mrefu kuliko zote". Linabadilisha nini?

Linabana mpaka mmoja. Kwa 7 na 10, kama x ndio mrefu kuliko zote, lazima izidi 10: 10 < x < 17. Kama ndio mfupi kuliko zote: 3 < x < 7. Kama uko katikati: 7 < x < 10. Maneno hayo madogo kwenye swali ndiyo wanafunzi huyaruka, halafu wanatoa 3 < x < 17 na kushangaa kwa nini wamekosa.

Wakati mwingine habari hiyo hufichwa ndani ya pembe. Ukiambiwa pembe iliyo mkabala na x ndiyo kubwa kuliko zote, umeambiwa x ndio mrefu kuliko zote.

Pembetatu pacha ina pande za 4 na 9. Mzingo wake ni 17 au 22?

Ni 22. Pembetatu pacha ina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo upande wa tatu ama ni 4 ama ni 9. Jaribu 4, 4, 9: 4 + 4 = 8, haifiki 9. Jaribu 4, 9, 9: 4 + 9 = 13, inazidi 9. Imebaki moja, na mzingo ni 22.

Sasa angalia 6 na 9. Zote mbili zinapita: 6, 6, 9 (mzingo 21) na 6, 9, 9 (mzingo 24). Hapa jibu kamili lina namba mbili, na anayeandika moja amekosa nusu. Kwa ufupi, upande mfupi unaweza kurudiwa iwapo tu mara mbili yake inazidi ule mrefu.

Nimepewa mzingo tu. Pembetatu ngapi zinawezekana?

Bila sharti la namba nzima hazihesabiki. Kwa namba nzima zinahesabika vizuri, na kitu cha kuanzia ni hiki: upande mrefu kuliko zote lazima uwe chini ya nusu ya mzingo. Sababu iko wazi, kwani kama umefika nusu, mbili zilizobaki kwa pamoja ni nusu nyingine, na haziuzidi.

Chukua njiti 12 za kiberiti, usivunje hata moja. Nusu ni 6, hivyo upande mrefu hauzidi 5. Wala hauwezi kupungua chini ya 4, maana 12 ikigawanywa kwa 3 ni 4. Ukiwa 5, zilizobaki ni 7: 5 na 2, au 4 na 3. Ukiwa 4, zilizobaki ni 8: 4 na 4 tu. Jumla ni pembetatu tatu: (5, 5, 2), (5, 4, 3) na (4, 4, 4).

Toa njiti moja, zibaki 11. Ungetegemea pembetatu zipungue, lakini zinaongezeka! Ni nne: (5, 5, 1), (5, 4, 2), (5, 3, 3) na (4, 4, 3). Kwa mzingo wa 12 upande wa 6 unakatazwa kwa sababu ni nusu kamili. Kwa 11 upande wa 5 unapita kwa nusu njiti, na hapo ndipo namba witiri zinapofaidi. Kwa njiti 4 hakuna hata moja: 2, 1, 1 inalala chini ikawa mstari.

Ukitaka kuhakiki hesabu zako, kuna kanuni. Mzingo ukiwa namba shufwa, tafuta kipeo chake cha pili, gawanya kwa 48, kadiria kwenye namba nzima iliyo karibu. Ukiwa witiri, ongeza 3 kwanza, kisha fanya vivyo hivyo. Kwa 12: 144 ÷ 48 = 3. Kwa 11: 14 × 14 = 196, ÷ 48 = 4.08, yaani 4. Kwa 15: 18 × 18 = 324, ÷ 48 = 6.75, yaani 7. Ziorodheshe hizo saba za mzingo wa 15 kwa mkono. Zoezi hilo linafundisha kuliko kanuni.

Pande zimeandikwa kwa herufi. Nianzie wapi?

Hapa usitumie njia fupi ya kupanga, kwa sababu hujui upande upi ni mrefu mpaka ujue x. Andika masharti yote matatu.

Mfano: pande ni x + 2, 2x − 1 na 9.

Sharti la kwanza: (x + 2) + (2x − 1) > 9, yaani 3x + 1 > 9, hivyo x > 8/3.

La pili: (x + 2) + 9 > 2x − 1, yaani x + 11 > 2x − 1, hivyo x < 12.

La tatu: (2x − 1) + 9 > x + 2, hivyo x > −6.

La tatu limemezwa na la kwanza. Jibu ni 8/3 < x < 12, na kama x ni namba nzima, ni 3 hadi 11. Hakiki miisho: x = 3 inatoa 5, 5, 9, na 10 inazidi 9, sawa. x = 12 inatoa 14, 23, 9, na 14 + 9 = 23 kamili, mstari. Uhakiki huo ndio unaokuonyesha kama ulikosea ishara mahali.

Soma tena swali linaulizia nini. Likiuliza urefu wa upande, x si jibu. Rudisha thamani yake ndani ya x + 2 au 2x − 1.

Pembetatu ina pande 5 na 12 na pembe mraba. Jibu ni 13, sivyo?

Ni 13 kama 5 na 12 ndizo zinazoikumbatia pembe mraba. Kama swali halijasema hivyo, 12 inaweza kuwa ndio upande ulio mkabala na pembe mraba, na hapo wa tatu ni kipeuo cha pili cha 144 − 25, yaani √119, karibu 10.91. Yote mawili yamo kati ya 7 na 17, kwa hiyo kanuni ya pande haiwezi kukuchagulia. Maneno ya swali ndiyo yanayochagua.

Ukitaka kuona picha nzima, pitisha x kwenye namba nzima kuanzia 8 hadi 16. Kwa 8, 9 na 10 pembetatu ina pembe butu, mkabala na upande wa 12. Kwa 11 na 12 pembe zote ni kali. Kwa 13 kuna pembe mraba. Kwa 14, 15 na 16 pembe butu inarudi, safari hii mkabala na x. Kipimo ni kulinganisha kipeo cha pili cha upande mrefu na jumla ya vipeo vya pili vya zile mbili nyingine: kikizidi, pembe ni butu, kikilingana, ni mraba, kikipungua, pembe zote ni kali.

Na nikijua pembe iliyo kati ya pande mbili?

Basi urefu ni mmoja tu, na kanuni ya kosini inautoa: c² = a² + b² − 2ab kos C. Kwa 7 na 10 zenye pembe ya nyuzi 60 katikati: 49 + 100 − 140 × 0.5 = 79, na c ni karibu 8.89. Weka nyuzi 0 na utapata 9, yaani c = 3; weka nyuzi 180 na utapata 289, yaani c = 17. Ni ile mipaka yetu ya bawaba, imejitokeza tena.

Nachora kwa bikari lakini matao hayakutani. Nimekosea wapi?

Kwanza hakiki vipimo. Chora upande mrefu kama kitako, tuseme 8 sm. Fungua bikari 5 sm, simamisha ncha ya chuma upande mmoja wa kitako, chora tao. Fungua kwa kipimo cha tatu, simamisha upande wa pili, chora tao jingine. Kama kipimo cha tatu ni 2.5 sm, matao hayatakutana kamwe, maana 5 + 2.5 hazifiki 8.

Kama hesabu inapita na bado hayakutani, tazama vifaa. Msumari wa bikari uliolegea hufunguka katikati ya kuchora. Penseli butu hula milimita nzima. Wengine hupima kuanzia ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri, na rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri.

Pembetatu nyembamba ndizo zinazosumbua zaidi, na hapa pana jambo la kushangaza. Chora 8, 5 na 3.1. Jumla ya mbili fupi inazidi kitako kwa milimita 1 tu, lakini kimo cha pembetatu ni karibu milimita 6. Badilisha 3.1 iwe 3.2, na kimo kinaruka hadi karibu milimita 9. Yaani kosa la milimita moja kwenye upande limekuwa kosa la karibu milimita tatu kwenye kimo. Usitegemee mchoro wa namna hiyo kupimia eneo, kokotoa.

Hili lina maana gani kwa fundi anayepaua?

Lina maana moja kwa moja. Jengo lina upana wa 6 m, na kila kenchi ina mbao mbili za mteremko zinazokutana juu katikati. Mbao za 3 m kila moja hazitoi paa: 3 + 3 = 6, zimelala juu ya mbao ya chini. Lazima zizidi. Lakini zizidi kiasi gani?

Gawa kenchi katikati upate pembetatu mbili zenye pembe mraba na kitako cha 3 m. Mbao ya 3.05 m inatoa mwinuko wa karibu sm 55. Ya 3.10 m inatoa karibu sm 78. Ya 3.20 m inatoa karibu m 1.11. Sentimita 5 za kwanza zimenyanyua paa kwa zaidi ya nusu mita. Ndiyo maana katika paa la mteremko mdogo, kenchi mbili zilizokatwa kwa tofauti ya sentimita moja zinaonekana kwa macho zikishasimama: kwenye mbao ya 3.05 m, sentimita moja zaidi inapandisha kilele kwa zaidi ya sentimita 5. Kata kenchi ya kwanza, ikague, kisha itumie yenyewe kama kipimo cha nyingine zote. Urefu huu ni wa kuanzia ukingo wa ukuta hadi kilele. Sehemu inayotokeza nje ya ukuta inaongezwa juu yake.

Mafundi husema "tatu, nne, tano". Inahusiana vipi?

Pande za 3 m na 4 m zinakubali upande wa tatu wowote kati ya 1 m na 7 m. Kati ya hizo zote, 5 m pekee ndiyo inayotoa pembe mraba. Kwa hiyo kwenye kona ya msingi unapima 3 m kwenye kamba moja, 4 m kwenye nyingine, kisha unasogeza kamba mpaka umbali wa kukatiza uwe 5 m kamili.

Ukikubali 5.05 m, pembe inakuwa karibu nyuzi 91.2, na ukuta wa 10 m utakuwa umekengeuka karibu sm 21 mwishoni. Tumia 6, 8 na 10 kama nafasi inaruhusu: kosa lile lile la sm 5 linakukengeusha karibu sm 10 tu.

Kiwanja changu cha pembe tatu kimepimwa 40 m, 25 m na 12 m, na eneo halitoki.

Halitatoka. 25 + 12 = 37, pungufu ya 40. Ukiweka kwenye kanuni ya Heron, ile inayotoa eneo kutokana na pande tatu, nusu ya mzingo ni 38.5, ukitoa 40 unapata −1.5, na kikokotoo kinakataa kutafuta kipeuo cha namba hasi. Kikokotoo kizima; vipimo ndivyo vibovu.

Chanzo huwa ni kimojawapo kati ya vichache. Tepu fupi ikiwekwa mara kadhaa, mtu husahau kuhesabu mara moja. Tepu ikilegea, inasoma zaidi ya umbali wa kweli. Ardhi ya mteremko ikipimwa kwa kufuata udongo, inatoa namba kubwa kuliko umbali wa mlalo, na ramani hutumia mlalo. Upande wenye kichaka hupimwa kwa kuzunguka. Tarakimu huandikwa vibaya, 35 ikawa 25. Usirekebishe namba kwa kubahatisha ili kanuni ipite; rudi na tepu kwenye vigingi.

Tuongeze hili: kupita kwenye kanuni hakumaanishi vipimo ni sahihi. Vipimo 40, 30 na 20 vinapita na vinatoa eneo la karibu m² 290, lakini kama upande wa kweli ulikuwa 33 badala ya 30, kanuni isingekushtua. Inakamata makosa makubwa tu.

Je, umbali kati ya miji unafuata kanuni hii?

Kwa mstari ulionyooka, ndiyo. Nairobi hadi Mombasa ni karibu km 440, Nairobi hadi Kisumu karibu km 265. Bila ramani unaweza kusema Mombasa na Kisumu zimeachana kwa zaidi ya km 175 na chini ya km 705. Umbali wa kweli ni karibu km 700. Umekaribia sana mpaka wa juu, na hiyo inakuambia kwamba miji hiyo mitatu iko karibu kwenye mstari mmoja.

Kwa barabara, tumia "≤" badala ya "<". Njia fupi ya barabara kati ya miji miwili haiwezi kuzidi njia ya kupitia mji wa tatu, lakini inaweza kulingana nayo, pale ambapo barabara yenyewe inapita katika mji huo.

Vipimo vyangu vimechanganyika: m 1.2, sm 80 na sm 50.

Vilete kwenye kipimo kimoja kabla ya chochote: 120, 80, 50. Kisha 50 + 80 = 130, inazidi 120, pembetatu ipo. Kwa sehemu pia, tafuta asili moja kwanza: 1/2, 1/3 na 1/6 zinakuwa 3/6, 2/6 na 1/6, na 1 + 2 = 3, mstari.

Naandika programu ya kukagua pande. Kuna mitego gani?

Mitatu. Wa kwanza ni desimali. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, na katika lugha nyingi za programu 0.1 + 0.2 inatoka 0.30000000000000004. Programu yako itasema 0.1, 0.2 na 0.3 ni pembetatu, wakati ni mstari. Zidisha vipimo vyote kwa 10 au 100 uvikadirie kuwa namba nzima kabla ya kulinganisha.

Wa pili ni namba kubwa mno. Nafasi ya biti 32 inaishia 2,147,483,647; jumla ikipita hapo inaweza kugeuka hasi na jibu likapinduka. Badala ya kuuliza kama a + b > c, ukishapanga uliza kama a > c − b.

Wa tatu ni kupoteza mistari ya programu kukagua sifuri na namba hasi. Ukishapanga na kulinganisha, zinajikataa zenyewe: 0, 5, 5 inatoa 5 ambayo haizidi 5, na −2, 5, 5 inatoa 3.

Pande nne je?

Kanuni inapanuka: upande mrefu kuliko zote lazima uwe chini ya jumla ya tatu zilizobaki. Lakini kuna tofauti kubwa. Pande tatu zikishapita, umbo ni moja tu na halitikisiki. Pande nne zikipita, umbo linaweza kulegea na kuinama bila upande wowote kubadilika urefu, ndiyo maana geti la fremu ya pande nne hushuka upande mmoja baada ya muda. Fundi akichomelea chuma cha kukatiza kona hadi kona, amegawa pande nne kuwa pembetatu mbili. Urefu wa chuma hicho nao una mipaka: kwa fremu ya m 2 kwa m 1.5, uko kati ya m 0.5 na m 3.5, na ili geti liwe na pembe mraba ni m 2.5 kamili.